Shanga za jeli kutokana na mwani wa kotonii na maganda ya kamba: jinsi ya kuzifanya polima zijipange zenyewe

Karaginani hutoka kwenye mwani, kitosani hutoka kwenye maganda ya kamba; zote mbili ni polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo. Ya kwanza hubeba chaji hasi kwa sababu ya vikundi vya salfeti vilivyo kwenye mnyororo wake. Ya pili, ikiwa ndani ya asidi hafifu, hubeba chaji chanya. Zikikutana katika mazingira yanayofaa hazihitaji gundi wala mashine. Hushikana na kujenga ganda gumu lisiloyeyuka majini. Mwongozo huu ni wa kutengeneza shanga za milimita 2 hadi 4, kiini chake jeli ya karaginani na ganda lake kitosani, zinazoweza kunasa rangi iliyoyeyuka kwenye maji. Unafaa maabara ya shule au chuo, na sehemu kubwa ya kazi inawezekana jikoni penye mizani nzuri na dirisha lililo wazi.

Molekuli ndizo zinazojenga. Unachosimamia wewe ni joto, chumvi, pH na mpangilio wa hatua. Shanga zikiharibika, tafuta chanzo humo kwanza kabla hujamlaumu aliyekuuzia mwani.

Kinachotokea ndani ya sufuria

Kwenye maji ya nyuzi joto 80 mnyororo wa karaginani umelegea na unaelea peke yake. Joto likishuka, minyororo hujisokota miwili miwili kama kamba ya katani. Misokoto hiyo bado inasukumana, maana yote ina chaji hasi. Hapo ndipo potasiamu inapohitajika: ioni zake, yaani chembe zake zenye chaji, hutulia kati ya misokoto, hupunguza msukumano, na misokoto hulala ubavu kwa ubavu hadi ikawa wavu unaoshikilia maji. Sodiamu, ambayo ni jirani yake wa karibu, haiwezi kazi hiyo ipasavyo. Ndiyo maana chumvi ya mezani haifai mahali popote katika mwongozo huu.

Kitosani ikigusa uso wa shanga, chaji chanya hukutana na hasi, na zile ioni ndogo zilizokuwa zimeambatana na kila polima huachiwa zikatawanyika majini. Kuachiwa huko kwa ioni ndogo kunasukuma muungano hata kuliko mvuto wenyewe wa chaji. Kwa vitendo maana yake ni hii: bafu la kitosani (mmumunyo wa kuchovyea shanga) likiwa na chumvi nyingi, ioni ndogo hazina sababu ya kuondoka, na ganda linakuwa dhaifu au halitokei kabisa. Kwa hiyo potasiamu iwe nyingi kwenye bafu la kwanza, la kugandishia shanga, na chache kwenye la pili, la kitosani.

Maji kabla ya yote

Visima vingi vya Dar es Salaam, hasa vilivyo karibu na pwani, vina chumvi. Maji hayo yana sodiamu, kalsiamu na magnesi, na yataanza kuvuruga polima kabla hujawasha jiko. Maji ya bomba yanafaa kuoshea mwani na vyombo tu. Kwa miyeyusho yote tumia maji yasiyo na madini. Rahisi kupata ni maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta na maduka ya vipuri. Soma lebo mara mbili: asidi ya betri huwekwa rafu hiyohiyo, kwenye chupa zinazofanana. Chovya karatasi ya pH. Ikionyesha 6 au 7 endelea, ikionyesha 1 funga chupa taratibu. Wakati wa masika, maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye beseni safi, bila kupitia bati lenye kutu, yanafaa pia.

Vitu vya kuandaa

- Mwani mkavu wa kotonii, gramu 50
- Haidroksidi ya potasiamu, gramu 60
- Kloridi ya potasiamu safi, gramu 50
- Kitosani ya unga, gramu 1
- Siki nyeupe ya asilimia 5, lita 1.5 (nyingi yake ni ya kupunguza makali ya haidroksidi mwishoni)
- Kostiki soda, gramu 4, ya kurekebishia pH
- Maji ya betri, lita 10
- Mizani inayosoma gramu 0.1, kipimajoto kinachofika nyuzi 110, karatasi za pH
- Sufuria ya chuma kisichoshika kutu (aluminiamu huliwa na haidroksidi), kitambaa cha marikani, bomba la sindano la mililita 20 na sindano zake
- Glavu nene za mpira na miwani ya kinga

Kuhusu kloridi ya potasiamu: ile ya mbolea kwenye maduka ya pembejeo mara nyingi ina rangi nyekundu ya chuma na uchafu mwingine, na chumvi mbadala za wagonjwa wa presha huwa zimechanganywa na sodiamu. Nunua ya maabara au ya chakula. Haidroksidi ya potasiamu nayo hununuliwa kwa uangalifu, kwa sababu baadhi ya wauzaji huita kila kitu cheupe chenye vipande "kostiki" na wakakupimia ile ya watengeneza sabuni, yaani ya sodiamu. Ukiitumia, mwani utayeyukia sufuriani katika hatua ya kwanza na kazi itaishia hapo.

Kuchagua mwani

Sehemu kubwa ya mwani unaolimwa Zanzibar ni spinosum, si kotonii. Kotonii haistahimili vizuri joto la maji ya kina kifupi, hivyo ni adimu na bei yake iko juu. Tofauti yake kikemia ni kubwa. Kotonii hutoa karaginani aina ya kapa, ambayo huganda ngumu ikipata potasiamu. Spinosum hutoa aina ya iota, ambayo hupenda kalsiamu na kutoa jeli laini inayonyumbulika, isiyofaa peke yake kwa shanga hizi. Kwa macho: matawi ya spinosum yana miiba iliyopangwa kwa duru kuzunguka shina, ya kotonii ni manene na laini zaidi. Mwani uliokauka na kuvunjikavunjika haubainiki kirahisi, kwa hiyo pima. Chemsha gramu 5 kwenye mililita 200 za maji kwa nusu saa, chuja, weka gramu 1 ya kloridi ya potasiamu, acha ipoe. Jeli inayokatika kavu ukiikunja ni ya kotonii. Inayotetema na kurudi kama ilivyokuwa ni ya spinosum.

Usiitupe spinosum. Itahitajika kwenye marekebisho huko mbele.

Kutoa karaginani

Osha mwani mara tatu kwa lita moja moja ya maji ya bomba, ukisugua. Ule unga mweupe juu ya mwani mkavu ni chumvi ya bahari, na mchanga hujificha kwenye makutano ya matawi. Malizia kwa suuza moja ya maji ya betri.

Weka lita 1 ya maji ya betri sufuriani, ongeza gramu 60 za haidroksidi ya potasiamu kidogo kidogo ukikoroga. Haidroksidi ndiyo inayoingia kwenye maji. Kinyume chake mchanganyiko hutokota ghafla na kuruka usoni. Pandisha hadi nyuzi 75–80, tumbukiza mwani, shikilia joto hilo saa 2. Hatua hii huondoa salfeti zilizo mahali pabaya kwenye mnyororo, zile zinazouzuia usijisokote vizuri, na kufunga daraja dogo la oksijeni pale zilipokuwa. Ukiiruka, utapata karaginani nyingi lakini jeli yake itakuwa uji. Mwani hautayeyuka kwa sababu potasiamu inaushikilia. Utabadilika rangi na kuwa kama mpira.

Mwaga kimiminika kwenye ndoo ya plastiki (usikimwage chooni bado), kisha suuza mwani mara nne au tano hadi pH ifike 7–8. Wengi huchoka suuza ya tatu. Haidroksidi iliyobaki itapanda na unga hadi kwenye bafu la kitosani na kulifanya litoe mawingu meupe.

Katakata vipande vya sentimita 1, weka kwenye lita 2 za maji ya betri, pika kwa nyuzi 90–95 kwa saa moja na nusu ukikoroga kila dakika chache. Uji utakuwa mzito. Chuja ungali wa moto kupitia marikani iliyolowekwa maji ya moto. Ukichelewa, utagandia ndani ya kitambaa. Umeme ukikatika wakati huu, hamia jiko la gesi au mkaa mara moja. Uji ukishuka chini ya nyuzi 60 unaanza kuganda, na kuuchuja tena ni mpaka uupike upya.

Mimina uji uliochujwa kwenye trei, uache ugande, ukate vipande vya unene wa kidole. Viwandani wengi hutumia spiriti kuondoa maji, lakini njia ya friza ni nafuu na salama zaidi kwenye jiko la moto wa wazi. Gandisha usiku mzima, kisha yayusha juu ya chujio. Barafu inapokua husukuma minyororo ikazidi kushikamana, na ikiyeyuka sehemu kubwa ya maji hutoka yenyewe. Kamua kilichobaki, kausha kwa nyuzi 50–60, saga kwa blenda. Gramu 50 za mwani mzuri hutoa takriban gramu 12 hadi 17 za unga. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi na unga huu huinyonya. Uhifadhi kwenye chupa inayobana pamoja na vipakiti vya silika, na ukaushe tena saa moja kabla ya kupima. La sivyo, katika gramu 2 unazopima hutajua kiasi gani ni karaginani na kiasi gani ni maji.

Kitosani

Ununue. Kuitengeneza kunawezekana, na maganda ya kamba yanapatikana soko la samaki la Feri kila asubuhi, ila hatua ya mwisho inataka haidroksidi ya sodiamu ya asilimia 50 karibu na nyuzi 100 kwa saa kadhaa. Hiyo ni kazi ya maabara yenye kabati la kuvuta hewa na mtu aliyezoea, wala si ya jikoni. Walio na maabara: maganda yachemshwe na kukaushwa siku hiyohiyo; asidi ya haidrokloriki ya molari 1 hadi mapovu yaishe, kuondoa chokaa; haidroksidi ya sodiamu ya molari 1 kwa nyuzi 70–80 kwa saa 2, kuondoa protini; kisha ile ya asilimia 50. Ikiwa unga wako unavimba kwenye siki bila kuyeyuka, hatua ya mwisho haikukamilika na bado una kitini, yaani kile kilicho kwenye maganda kabla hakijageuzwa kitosani.

Kutayarisha bafu la mililita 100: changanya mililita 20 za siki na mililita 80 za maji ya betri, utakuwa na asidi ya asetiki ya asilimia 1. Nyunyiza gramu 0.5 za kitosani, koroga, acha usiku kucha, chuja kwa kitambaa. Tengeneza mmumunyo wa kostiki soda, gramu 4 kwa mililita 100, uutie tone kwa tone ukikoroga hadi pH 5. Ukivuka 6 utaona nyuzi nyeupe, maana kitosani inapoteza chaji na kujitenga na maji. Mwisho weka gramu 0.4 za kloridi ya potasiamu. Inatosha kuzuia shanga zisilainike humo ndani, na bado ni kidogo kiasi cha kutozuia ganda.

Kudondosha shanga

Pima gramu 2 za karaginani, uzitie kwenye mililita 98 za maji ya betri baridi, koroga, ndipo upashe. Unga ukikutana na maji ya moto hujifunga madonge yenye ngozi nje na unga mkavu ndani, na hakuna kukoroga kutakakoyaokoa. Panda hadi nyuzi 85, shikilia nusu saa. Kwa kuwa unga wako una potasiamu iliyobaki, huenda ukagoma. Panda hadi 95.

Bafu la kwanza ni gramu 22 za kloridi ya potasiamu kwa lita 1 ya maji ya betri. Halihitaji barafu. Karaginani ya kapa yenye potasiamu huganda juu ya nyuzi 40, kwa hiyo hata mchana wa Januari joto la chumba linatosha. Tatizo la joto liko kwenye sindano. Mmumunyo ukifika 55 hivi huziba. Weka bomba la sindano kwenye maji ya nyuzi 80 kabla ya kulijaza, jaza mililita 10 tu kwa mara moja, na tumia sindano ya kijani, yaani namba 21, au ya waridi, namba 18, ukitaka shanga kubwa. Ncha ya sindano ikatwe au isuguliwe iwe bapa. Ncha ya mshazari hutoa matone yasiyolingana.

Dondosha kutoka kimo cha sentimita 5 hadi 8, tone moja baada ya jingine, huku bafu likizungushwa polepole. Shanga zenye mikia zina maana mmumunyo umepoa au ni mzito mno. Zilizobapa kama dengu zimedondoshwa kutoka juu sana, au mmumunyo uko chini ya asilimia 1.5. Wapo wanaoweka tabaka la mafuta ya kupikia juu ya bafu ili tone liwe duara kamili. Duara kweli hupatikana, lakini mafuta hayatoki bila sabuni, na sabuni ya vyombo ina chaji hasi inayokamata kitosani kabla ya karaginani kufikiwa. Kwa shanga zitakazovishwa ganda, mikia midogo ni afadhali.

Ziache bafuni dakika 30. Kisha zisuuze haraka mara mbili kwa maji yenye gramu 1 ya kloridi ya potasiamu kwa lita.

Kuvisha ganda

Gawa shanga mafungu mawili. Fungu moja libaki tupu, kwa ajili ya kulinganisha. Fungu la pili, gramu 20 zilizochujwa, litumbukize kwenye mililita 100 za bafu la kitosani na ukoroge kwa dakika 20 bila kupumzika. Ukisimama, mnyororo mmoja wa kitosani hushika shanga mbili na utatoa kichane badala ya shanga. Bafu likigeuka maziwa, kuna karaginani iliyolegea ambayo haikusuuzwa. Muungano unafanyika majini na ganda litabanduka vipande. Chuja, suuza upya, anza na bafu jipya.

Ukitaka ganda nene, suuza, chovya dakika 5 kwenye karaginani ya asilimia 0.1 iliyo vuguvugu, suuza, rudi kwenye kitosani. Njia hii ya tabaka kwa tabaka ilienezwa na Gero Decher na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kanuni yake ni kwamba kila tabaka hugeuza chaji ya uso, hivyo linajizuia lenyewe lisiongezeke bila mwisho. Usipunguze suuza za katikati.

Kupima kama inafanya kazi

Tengeneza rangi mbili. Ya kwanza ni methilini bluu: mililita 1 ya dawa iliyoandikwa asilimia 1, kwenye lita 1 ya maji ya betri. Ina chaji chanya. Ya pili ni rangi ya chakula ya machungwa au njano, ncha ya kijiko kwenye lita 1. Rangi hizi huwa na vikundi vya salfonati, yaani chaji hasi. Weka gramu 5 za shanga tupu na gramu 5 za zenye ganda kwenye mililita 100 za kila rangi, gilasi nne, na mbili nyingine zisizo na shanga za kulinganishia. Tikisa mara kwa mara kwa saa 3.

Shanga tupu zinapaswa kunywa bluu na kuiacha njano. Zenye ganda hukamata njano, na bluu huingia kwa shida. Matokeo yakiwa sawa kwa mafungu yote mawili, ganda halikushika.

Hakikisha kwa wembe. Chukua ushanga wenye ganda uliokaa kwenye rangi ya machungwa dakika 5, usuuze, uukate katikati na uutazame kwa lenzi. Utaona pete nyembamba ya machungwa ukingoni na kiini kisicho na rangi. Pete iliyokatika upande mmoja inaonyesha mahali ushanga ulipogusana na mwenzake bafuni.

Marekebisho

Shanga zinazovuja maji na kupasuka zikibanwa zina potasiamu nyingi kupita kiasi au ni kapa tupu. Hapo spinosum inarudi: karaginani yake, sehemu 1 kwa 4 za kotonii, hulegeza wavu na kuupa mnyumbuko. Shanga zinazolainika baada ya siku moja zimewekwa kwenye maji ya kawaida; potasiamu imetoka na sodiamu imeingia. Zihifadhi kwenye friji, ndani ya maji yenye gramu 22 za kloridi ya potasiamu kwa lita zikiwa tupu, na gramu 4 zikiwa na ganda. Nje ya friji, kwa joto letu, ukungu hautachukua siku nyingi.

Jambo moja huulizwa sana na wanaotoka upande wa kilimo: kutia yurea ndani ya shanga ili itoke polepole. Haitafaa. Molekuli ya yurea ni ndogo mno kwa matundu ya wavu huu na haina chaji ya kushikwa, kwa hiyo itamalizika kutoka ndani ya saa chache, ganda liwepo lisiwepo.

Shanga tupu zilizojaa bluu husafishwa kwa kuzilaza usiku kwenye kloridi ya potasiamu ya gramu 75 kwa lita, ambayo husukuma sehemu ya rangi itoke. Usijaribu hivyo kwa zenye ganda; chumvi hiyo hulegeza muungano. Ile ndoo ya haidroksidi ipunguzwe makali kwa siki hadi pH 7–8 kabla ya kumwagwa. Maji ya rangi yapitishwe kwenye shanga zilizobaki kwanza, kisha shanga zikaushwe na kutupwa na taka ngumu. Mifereji ya mvua ya mitaa mingi huishia mto Msimbazi au baharini, na methilini bluu kidogo tu hupaka rangi maji mengi.